FORTRAN au Fortran, LUA au Lua? Njia nne za kuandika majina ya lugha za kompyuta, na ipi ya kuchagua

Nikisoma wasifu wa vijana wanaoomba kazi ya kuandika programu, mstari wa ujuzi ndio unaonisimamisha. Mara nyingi huja hivi: PYTHON, JAVA, Javascript, Mysql, html, LUA. Majina sita, na hakuna hata moja lililoandikwa kama wanavyoliandika watu wa lugha yenyewe. Pengine kijana huyu anaijua Python kunishinda. Lakini anayewachuja waombaji bado hajauona msimbo wake. Alichonacho mkononi ni karatasi moja, na karatasi hiyo inamwambia kwamba mwombaji hajakaa na nyaraka za lugha anazozitaja kiasi cha kuzoea majina yake.

Inaniuma, maana kosa si lake peke yake. Mwalimu aliandika JAVA ubaoni kwa herufi kubwa ili waliokaa nyuma waone. Vitabu vilivyochakaa vya maktaba vimeandika PASCAL. Tangazo la kazi aliyoiomba lilisema JAVASCRIPT. Juu ya hayo, desturi zenyewe zimehama: FORTRAN ya babu ni Fortran ya mjukuu, na kila moja ni sahihi kwa wakati wake. Ukiuliza jina fulani linaandikwaje, jibu litategemea unamfuata nani.

Kwa hesabu yangu kuna njia nne. Unaweza kumfuata mwenye lugha, yaani walioitunga na wanaoitunza. Unaweza kufuata ulimi, yaani namna jina linavyotamkwa. Unaweza kufuata wakati, ukaliandika jina kama lilivyoandikwa enzi unayoizungumzia. Na unaweza kufuata amri, ukaliandika kama unavyoliandika ukiwa mbele ya kompyuta. Nitaziweka ubavu kwa ubavu, lakini kwanza nieleze kwa nini ninalivalia njuga jambo ambalo wengine wanaliona dogo.

Neno zima la herufi kubwa lina dai ndani yake. Anayeandika LUA anamwambia msomaji: hizi ni herufi za mwanzo za maneno matatu, katafute ni yapi. Msomaji mwenye bidii atatafuta, na hatayapata, kwa sababu lua ni neno la Kireno na maana yake ni mwezi. Lugha hiyo ilitungwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha kikatoliki cha Rio de Janeiro, na ilitanguliwa na nyingine iliyoitwa SOL. Hiyo ndiyo iliyokuwa kifupisho, na kwa bahati njema sol kwa Kireno ni jua. Mwezi ukaja baada ya jua. Habari yote hiyo nzuri inafutika pale mtu anapobonyeza kitufe cha herufi kubwa na kukisahau.

Biti sita na kadi zenye matundu

FORTRAN ilitoka IBM mwaka 1957, kazi ya kikosi kilichoongozwa na John Backus, na ilitungwa kwa ajili ya mashine iitwayo IBM 704. Jina lake limeungwa kwa vipande vya maneno mawili ya Kiingereza, Formula Translation, kutafsiri kanuni za hesabu ziwe maagizo ya mashine. Angalia vizuri: FOR na TRAN ni vipande vya maneno, wala si herufi za mwanzo. Kwa desturi ya kawaida ya vifupisho, hakukuwa na ulazima wa kuliandika jina lote kwa herufi kubwa.

Ulazima ulitoka kwenye mashine. Programu ziliandikwa kwenye kadi ngumu za karatasi, kila herufi na matundu yake, na ndani ya 704 kila herufi ilipewa biti sita, yaani nafasi sita za sifuri au moja. Biti sita hutoa alama 64, basi. Hesabu mwenyewe: herufi kubwa 26, herufi ndogo 26, tarakimu 10, tayari ni 62. Zinabaki mbili, na humo unatakiwa uingize nafasi tupu, alama za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, alama ya usawa, mabano, nukta na mkato. Haziingii. Zilizoachwa nje zikawa ni herufi ndogo. Hazikuwemo kwenye mashine za kutobolea kadi, na hata mpangilio wa alama wa ASCII ulipotolewa mara ya kwanza mwaka 1963 haukuwa nazo. Zilikuja katika toleo la 1967.

Basi kila kitu kilitoka printani kwa herufi kubwa: programu, majibu yake, makosa yake, hata jina la aliyeiandika. Ukiishika karatasi ya namna hiyo hutambui lipi ni jina la mtu, lipi ni kifupisho, lipi ni kitenzi. Pascal, ambayo Niklaus Wirth aliiita hivyo kwa heshima ya Blaise Pascal, mwanahisabati wa Ufaransa, ilizaliwa Zürich mwaka 1970 kwenye mashine ya kampuni ya CDC ambayo nayo ilikuwa na herufi za biti sita. Ni jina la mtu kama Paskali wa mtaani kwako, lakini karatasini likatoka PASCAL, na wanafunzi wakalinakili hivyo hivyo. Hapo ndipo macho yalipozoea, na mazoea hayo yamedumu kuliko mashine zilizoyazaa. Mwalimu anayeandika PASCAL leo anamtii printa aliyekufa zamani.

Kisha angalia kilichotokea kwa Fortran. Kiwango cha mwaka 1966 kiliandika jina kwa herufi kubwa, na FORTRAN 77 vivyo hivyo. Toleo lililofuata, ambalo ISO, shirika la kimataifa la viwango, ililichapisha mwaka 1991, likaitwa Fortran 90: F kubwa, zilizobaki ndogo. Toleo hilo hilo ndilo lililozitambua herufi ndogo ndani ya programu yenyewe. Nalipenda tukio hili. Kamati ilipofungua mlango kwa herufi ndogo kwenye msimbo, ililifungulia na jina. Tangu hapo ni Fortran 95, Fortran 2003, Fortran 2018, Fortran 2023, na wanaotabiri hali ya hewa kwa modeli kama WRF, ambayo sehemu yake kubwa imeandikwa kwa lugha hiyo, huandika Fortran.

Lakini usiseme kwamba mashine ilibadilika na majina yakafuata tu. COBOL ilianza kupangwa mwaka 1959, ikapita kwenye kadi zile zile, ikasubiri herufi ndogo kwa miaka ile ile, na kiwango chake cha ISO cha mwaka 2023 bado kinaandika COBOL. Mashine mpya ilitoa ruhusa. Kuitumia au kutoitumia kulibaki kwa watu.

Kufuata ulimi

Njia hii ni rahisi kuieleza. Jina likisomwa kama neno, lipe herufi kubwa moja mwanzoni. Likisomwa herufi moja moja, liache kwa herufi kubwa zote. Gazeti la Guardian la Uingereza hufanya hivyo: huandika Nasa, lakini BBC hubaki BBC.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunaijua desturi hii bila kufundishwa. UKIMWI ulianza kama kifupisho cha Upungufu wa Kinga Mwilini, na nyaraka nyingi rasmi bado huuandika kwa herufi kubwa. Lakini watu walipolichukua neno, lilijikuta limeanza na U, sarufi ikalidaka: Ukimwi umepungua, Ukimwi wenyewe, vita dhidi yake. Kifupisho kikishakubali kushikwa na ngeli, hicho ni neno kama mengine. Nayo taasisi ya kupambana na rushwa hujiandika TAKUKURU, ila gazeti la Mwananchi huandika Takukuru, na hakuna msomaji anayepotea. Vipo vifupisho vilivyokwenda mbali zaidi: rada tunayoiongelea bandarini na uwanja wa ndege ilikuwa RADAR, kifupisho cha jeshi la wanamaji la Marekani cha mwaka 1940. Leo imepoteza herufi kubwa zote, imepoteza hata R ya mwisho, na imekuwa neno letu.

Ukitumia ulimi kama kipimo utapata Fortran, Lisp, Prolog, Cobol, Basic na Matlab, na utaziacha PHP na APL kama zilivyo. Ukurasa unapendeza macho, maana maneno ya herufi kubwa tupu huruka kutoka kwenye mstari kama mtu anayepiga kelele kwenye daladala. Huhitaji kutafuta mwenye lugha anasemaje. Unalitamka jina, unaandika.

Ubaya wake ni kwamba ndimi hazilingani. SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, inanitatiza zaidi ya zote. Ilianza IBM miaka ya 1970 ikiitwa SEQUEL, jina likafupishwa kwa sababu lilikuwa tayari ni alama ya biashara ya kampuni nyingine, na mpaka leo waprogramu wengi wa Marekani hutamka kama jina la kwanza. Wakifuata ulimi wao, ingekuwa Sql. Mimi darasani hutamka es-kyu-eli, kila herufi peke yake, kwa sababu ya kweli kabisa: nikisema "sikweli", mwanafunzi wa Kiswahili anasikia "si kweli" na anapoteza nusu ya sentensi inayofuata. Ulimi wangu na wa mwenzangu wa California vinatoa tahajia mbili tofauti kwa jina moja. Na kwa JavaScript ulimi unashindwa kabisa, kwa kuwa S kubwa iliyo katikati haisikiki.

Kumfuata mwenye lugha

Hii ndiyo njia yangu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Wenye lugha wengine wameomba waziwazi. Watunzaji wa Lua wameandika kwenye tovuti yao kwamba jina liandikwe Lua, kama majina mengi yalivyo, na wakasihi lisiandikwe kwa herufi kubwa zote kwa kuwa hivyo linageuka kifupisho chenye maana tofauti kwa kila mtu. Ukishaombwa kwa uungwana namna hiyo, kukataa kunahitaji sababu, na mimi sijawahi kusikia sababu.

Perl ina historia yake. Larry Wall aliitoa mwaka 1987. Alitaka kuiita Pearl, lulu, akakuta ipo lugha nyingine yenye jina hilo, akaondoa a. Maelezo marefu ambayo watu huyataja, Practical Extraction and Report Language, yalibandikwa jina likiwa tayari lipo. Kwa hiyo PERL ni kosa kwa maana halisi: linadai asili isiyokuwepo. Majibu ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara, yanayosafiri pamoja na lugha yenyewe, yanasema hivyo bila kuficha. Wazoefu wa Perl wana tabia ya kumpima mgeni kwa jina hilo: akiandika PERL, wanajua hajayasoma. Ni kipimo kikali na sikisifu, lakini kipo, na anayeomba kazi afadhali akijue.

Ada nayo inatugusa sisi kwa namna ya pekee. Imepewa jina la Ada Lovelace, aliyezaliwa tarehe 10 Desemba 1815, na heshima hiyo ilichukuliwa kwa uzito kiasi kwamba kiwango chake cha jeshi la Marekani kilipewa namba MIL-STD-1815 na kuidhinishwa tarehe 10 Desemba 1980. ADA kwa herufi kubwa ni kumgeuza mwanamke huyo kuwa kifupisho. Na kwa Kiswahili, herufi ndogo pia haiwezekani: "amemaliza ada" ni habari ya mzazi aliyelipa shule. Hakuna lugha ya kompyuta ambayo herufi yake kubwa ya kwanza inafanya kazi kubwa katika sentensi ya Kiswahili kama hii.

Java, ambayo kampuni ya Sun iliitangaza mwaka 1995, ni jina la kahawa na la kisiwa. JAVA haina maneno ya kufumbua. Mwaka huo huo, mwezi Desemba, Netscape na Sun walitangaza JavaScript, iliyokuwa imeitwa kwanza Mocha na kisha LiveScript. Jina jipya lilipanda mgongo wa umaarufu wa Java, na zile herufi mbili kubwa zinaonyesha mahali maneno mawili yalipounganishwa. Waprogramu walikuwa wamezoea kuunganisha maneno hivyo ndani ya msimbo, ambako jina haliruhusiwi kuwa na nafasi katikati. TypeScript na CoffeeScript zilikuja baadaye zikavaa mavazi hayo hayo. Lakini usigeuze desturi hiyo kuwa sheria: Smalltalk, ya kale kuliko zote hizo, ina S kubwa moja tu, na anayeandika SmallTalk amekosea kwa kutaka kuwa mwangalifu.

Njia hii ina matatizo yake, na sitayafunika. La kwanza, mwenye lugha anaweza kuwa kampuni, na kampuni hupenda herufi kubwa. MATLAB imetoka kwenye matrix laboratory, vipande vya maneno kama FORTRAN, inatamkwa kama neno, na bado MathWorks huiandika kwa herufi kubwa zote kwa kuwa ndiyo alama yake ya biashara. Je, mwandishi wa Kiswahili analazimika kuitangaza bidhaa ya mtu kwa sauti hiyo? Mimi huandika MATLAB, kwa sababu mwanafunzi atakayeitafuta atakutana nayo hivyo kila mahali. Anayeandika Matlab simrekebishi.

La pili, nembo si jina. Nembo rasmi ya Go ina herufi mbili kubwa, na bado watunzaji wake, walioitoa Google mwaka 2009, wanaeleza kwamba jina ni Go. Golang limetoka kwenye anwani ya tovuti yao ya awali. Ni zuri kwa kutafutia mtandaoni, lakini katika sentensi andika "lugha ya Go".

La tatu ndilo gumu: zipo lugha zisizo na mwenyewe. Lisp ilianza kwa John McCarthy huko chuo kikuu cha MIT mwaka 1958, jina likitoka kwenye List Processing, na nyaraka zake za mwanzo ziliandika LISP. Leo ni ukoo mzima. Common Lisp ina kiwango chake cha mwaka 1994 na inajiandika Lisp, lakini lugha ndogo iliyomo ndani ya AutoCAD, programu ya kuchorea ramani za kihandisi, bado ni AutoLISP. Wakati hakuna baba wa kuulizwa, waulize wajukuu walio wengi: Lisp kwa ukoo, na kila mjukuu kwa jina lake.

BASIC ni ya kundi hilo pia. Kemeny na Kurtz waliianzisha katika chuo cha Dartmouth mwaka 1964 na jina lake ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, hivyo herufi kubwa ni halali yake. Lakini angalia kampuni moja, Microsoft, ilivyotembea: GW-BASIC, kisha QuickBASIC, kisha mwaka 1991 QBasic na Visual Basic. Ndani ya miaka michache kifupisho kimekuwa neno.

Kufuata wakati

Hii ni ya wanahistoria, na haina mengi. Unapoandika juu ya mwongozo wa mwaka 1962 unaandika LISP 1.5, unapoandika juu ya programu ya 1980 unaandika FORTRAN 77, ukifika 1991 unageuka. Ni njia ya kweli kuliko zote na ndiyo inayomchanganya msomaji kuliko zote, kwa kuwa ukurasa mmoja utakuwa na tahajia mbili na mgeni atadhani ni lugha mbili. Sentensi moja ya maelezo mwanzoni inatosha. Manukuu usiyaguse: kilichoandikwa PASCAL na mtu wa 1975 kinabaki PASCAL ndani ya alama za kunukuu.

Kufuata amri

Kwenye dirisha la amri hakuna mjadala. Lugha ni Python, amri ni `python3`, na kwenye Linux ukiandika `Python3` utaambiwa amri haipo, kwa sababu mfumo huo unatofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili. Watu wa Perl waliligeuza jambo hili kuwa kanuni yenye manufaa: Perl ni lugha, perl ni programu inayoisoma lugha hiyo na kuitekeleza. Tofauti ya herufi moja inakuambia kama tunaongelea sarufi au faili lililoko kwenye diski. Naipenda sana, na ningetamani tungeizingatia kwa lugha zote: "nimejifunza Lua", lakini "nimeweka `lua` kwenye mashine yangu".

Kosa ni kuzileta herufi ndogo za amri kwenye sentensi za kawaida, "najua java na python". Zipo programu ambazo zimeomba herufi ndogo popote, kama npm, na hizo zinaleta shida mwanzoni mwa sentensi. Kiswahili kinatuokoa bila jasho: tanguliza nomino. "Programu ya npm hupakua…" Herufi kubwa ya sentensi imekaa kwenye P na npm haijaguswa. Ujanja huo huo unazisaidia lugha zenye herufi moja, C na R, ambazo zikikaa peke yake katikati ya aya hupotea kama kosa la uchapaji. "Lugha ya C" haipotei.

Zikiwekwa pamoja

| Mwenye lugha | Ulimi | Zamani | Amri |
|---|---|---|---|
| Fortran | Fortran | FORTRAN, hadi 77 | gfortran |
| COBOL | Cobol | COBOL | cobc |
| Perl | Perl | perl | perl |
| Lua | Lua | Lua | lua |
| Go | Go | Go | go |
| PHP | PHP | PHP | php |
| JavaScript | Javascript | LiveScript, kabla ya Desemba 1995 | node |
| MATLAB | Matlab | MATLAB | matlab |

Ukiisoma jedwali hii utaona kitu ambacho mabishano huwa yanakificha: safu ya kwanza na ya pili zinakubaliana karibu kila mahali. Zinagombana kwenye COBOL, MATLAB na JavaScript, na ukiongeza BASIC orodha ya ugomvi imekaribia kwisha. Anayeogopa kwamba atalazimika kukariri mamia ya majina aondoe hofu. Majina mengi ni ya kawaida, yana herufi moja kubwa mwanzoni, kama Amina na Mombasa.

Sasa uchaguzi. Kama unaandika wasifu, mafunzo, au chochote kitakachosomwa na waprogramu, mfuate mwenye lugha bila kusita, na amri uziweke katika mwandiko wake wa msimbo. Gharama ni dakika moja ya kufungua ukurasa wa mbele wa tovuti ya lugha hiyo na kusoma sentensi ya kwanza, usitazame nembo.

Kama unahariri gazeti au jarida la wasomaji wa kawaida, fuata ulimi, ilimradi uwe unaufuata kwenye mambo mengine pia. Jarida linaloandika Takukuru na Ukimwi lina haki ya kuandika Cobol na Matlab. Linaloandika TAKUKURU na UKIMWI liandike COBOL na MATLAB, ila lisiandike JAVA wala PERL, kwa kuwa hizo hazijawahi kuwa vifupisho vya kitu chochote. Kwa JavaScript ningemwomba mhariri aiache S kubwa. Ni jina la pekee, na majina ya pekee tunayaacha kama wenyewe wanavyoyaandika.

Kama ni tasnifu inayogusa historia, fuata wakati, na uweke ile sentensi moja ya maelezo mapema.

Na mwalimu wa ubaoni? Huyu ndiye ninayemwomba kwa moyo wote. Andika Java kwa herufi kubwa moja, kubwa kadiri utakavyo, mpaka wa dawati la mwisho aione. Wanafunzi watakinakili kilichoko ubaoni na kukibeba mpaka kwenye karatasi ya maombi ya kazi.

Mstari ule nilioanza nao, ukimfuata mwenye lugha, unakuwa: Python, Java, JavaScript, MySQL, HTML, Lua. HTML inasomwa herufi moja moja, kwa hiyo kubwa zote zinastahili. MySQL ndiyo inayotaka uangalifu kuliko nyingine: My ni jina la binti wa Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wake, na SQL ni zile herufi tatu za IBM. Anayeandika Mysql amempoteza binti na herufi zote tatu kwa mkupuo mmoja.